Jeraniamu Yako Haikufa kwa Ukame wa Dodoma

Wiki iliyopita alikuja kitaluni kwangu mama mmoja wa mtaa wa Kisasa, hapa Dodoma, amekumbatia ndoo ya lita 10 kama mtu aliyembeba mgonjwa. Ndani yake ilikuwamo jeraniamu nyekundu niliyomuuzia mwezi wa tano. Ilikuwa imelala upande, majani ya chini yamegeuka manjano, na shina lilikuwa jeusi kuanzia usawa wa udongo hadi urefu wa kidole gumba.

"Dada, hali ya hewa ya Dodoma haitaki maua," akaniambia. "Hii nimeimwagilia asubuhi na jioni, sijakosa hata siku moja, na bado imekauka."

Nikaipindua ile ndoo. Haikuwa na tundu hata moja. Udongo ulitoka mzima mzima kama ugali uliopinduliwa kwenye sahani, unanuka tope la bwawa. Nikashika mzizi mmoja kwa vidole viwili nikauvuta taratibu. Ganda lake likachubuka lote, likabaki vidoleni mwangu laini, rangi ya kahawia, na kilichobaki kwenye mmea ni kiuzi chembamba. Mama akanyamaza. Nami nilisikia uchungu, kwa sababu alikuwa ameupenda ule mmea na kuuhudumia kwa bidii, na ni bidii hiyo iliyouua.

Kauli yake naisikia karibu kila juma, kutoka Ilazo, Nkuhungu, Iyumbu, hata kwa watu walioishi hapa miaka mingi. Leo naijibu kwa kirefu, pamoja na nyingine ninazozisikia kuhusu ua hili.

"Dodoma ni kavu, kwa hiyo jeraniamu inataka maji kila siku"

Tuanze na kwao. Maua tunayouziana kwa jina la jeraniamu, yale yenye majani ya mviringo na vishada vyekundu, vyeupe au vya waridi, kitaalamu ni pelagoniamu. Linnaeus, mtaalamu wa mimea wa Uswidi, aliyaweka kundi moja na jeraniamu mwaka 1753; L'Héritier, mtaalamu wa mimea wa Ufaransa, akayatenga mwaka 1789, lakini jina la mwanzo lilikuwa limeshazoeleka na halikutoka midomoni mwa watu. Majina yote mawili yanatokana na Kigiriki na yanamtaja korongo, yaani ndege, kwa sababu tunda lake lina ncha ndefu kama mdomo wa ndege huyo. Wazee wa ua hili wanatoka Afrika Kusini, hasa maeneo ya Rasi ya Tumaini Jema, kwenye vilima vya mawe, vichaka na udongo usiotuamisha maji.

Sasa litazame shina lake. Ni nene, lina nyama, ukilikata linatoa majimaji. Ile ni akiba. Jani lina vinyweleo. Mmea wenye maumbile hayo umejiandaa kukaa siku kadhaa bila mvua. Dodoma tuko mita zipatazo 1,100 juu ya usawa wa bahari, tunapata mvua ya milimita 550 hadi 600 hivi kwa mwaka, karibu yote kati ya Desemba na Aprili, na usiku wetu unapoa. Hewa ya namna hii inalifaa ua hili kuliko joto la Dar es Salaam lenye unyevu, ambako usiku wa Februari haupoi. Wateja wangu wengi waliohamia huku pamoja na Serikali huniambia kule jeraniamu ziliwashinda. Wakifika hapa wanaliona vumbi, wanaogopa, wanashika mpira wa maji.

Kinachowachanganya watu ni jani kunyauka. Mzizi uliooza hauwezi kunyonya maji, basi mmea unanyauka vilevile kama wenye kiu, huku umesimama kwenye matope. Mwenye nao akiona umelegea, anaongeza maji. Kesho umelegea zaidi, anaongeza tena. Kwa siku chache vimelea wa uozo wanapanda kutoka mzizini hadi kwenye shina, na hapo ndipo unapouona ule weusi. Shina likishaanza kuwa jeusi kwa chini, hakuna dawa ya kurudisha sehemu hiyo.

Kwa hiyo kabla hujamwagilia, ingiza kidole kwenye udongo hadi pingili ya pili. Ukisikia ubaridi na unyevu, ondoka. Kama huamini kidole chako, nyanyua chungu: chungu chenye kiu ni chepesi, na baada ya wiki mbili mkono unajua tofauti bila kufikiri. Kitaluni kwangu, kwenye vyungu vya upana wa sentimita 20 hivi, Juni na Julai namwagilia mara moja kwa wiki. Septemba hadi Novemba, joto likipanda na upepo ukivuma, inafika kila baada ya siku tatu. Masika naweza nisimwagilie kabisa, na vyungu navisogeza chini ya ukingo wa paa visipigwe na mvua ya kila siku.

Ukimwagilia, mwagilia kweli. Maji yaingie hadi yatoke chini, kisha acha. Vikombe vidogo vya kila siku vinalowesha juu tu, chumvi inajikusanya, mizizi inabaki karibu na uso wa udongo. Na hapa Dodoma chumvi si jambo la kupuuza: visima vingi vya majumbani vina maji ya chumvi. Ukiona ukoko mweupe kwenye ukingo wa chungu, mara moja kwa mwezi pitisha maji mengi, ikiwezekana ya mvua uliyokinga, yashuke yote na kutoka. Maji ya kufulia yenye sabuni mwagia kwingine.

Matundu. Nawasihi. Ndoo, kopo la rangi, dumu lililokatwa, vyote vinafaa mradi kuna matundu matano au sita chini, ya ukubwa wa kidole kidogo. Kuweka kokoto chini ya ndoo isiyo na tundu hakusaidii lolote. Maji yanakaa palepale. Sahani ya chini ikijaa, imwage baada ya nusu saa. Udongo wetu mwekundu ukiutumia peke yake unashikana kama tofali. Mimi nachanganya debe moja la udongo wa juu, nusu debe la mchanga wa korongoni (hili ni korongo la kuchota mchanga, si yule ndege), na nusu debe la samadi iliyooza. Ukiufinyanga mkononi kisha ukaugusa kwa kidole, unapaswa kumeguka.

Na tafadhali, maji yaende kwenye udongo, si juu ya majani, tena asubuhi. Majani yanayolala yamelowa yanapata kutu, yale madoa ya unga wa kahawia upande wa chini.

"Baridi ya Juni inaiua"

Haiiui. Kinachoua jeraniamu ni barafu, na Dodoma hatuna barafu. Usiku wa Juni na Julai unashuka hadi nyuzi 13 au 14 hivi, na hilo mmea unalimudu vizuri kabisa. Majani yakianza kuwa mekundu pembeni kipindi hicho, mara nyingi ni ubaridi unaopunguza uwezo wa mizizi kuchukua kirutubisho cha fosforasi. Joto likirudi yanayochipua ni ya kijani. Adui wa miezi hiyo ni upepo, unaovunja vikonyo na kukausha machipukizi. Weka chungu nyuma ya ukuta au ua wa michongoma. Usikiingize chumbani.

"Jua la hapa litaiunguza, niiweke sebuleni"

Sebuleni inarefuka, pingili zinaachana, shina linapauka, maua hakuna. Inataka jua la moja kwa moja kwa muda wa saa tano au sita kila siku. Penye jua la asubuhi na kivuli cha alasiri ndipo mahali pake, hasa Oktoba na Novemba. Nionavyo, kinachoungua miezi hiyo mara nyingi si jani bali mzizi: ndoo nyeusi ya plastiki juu ya saruji inashika moto hadi huwezi kuigusa. Iweke juu ya matofali mawili, au tumia chungu cha udongo. Ua likipungua kwenye joto kali, usiongeze mbolea. Mmea unapumzika, utarudi.

Katika joto hilohilo kavu chunguza upande wa chini wa majani. Vidoa vidogo vyeupe na utando mwembamba ni utitiri. Osha majani kwa maji ya nguvu asubuhi, siku tatu mfululizo, yakauke kabla ya jua kuzama. Hapo tu ndipo nakuruhusu kulowesha majani.

"Samadi nyingi, maua mengi"

Samadi nyingi, majani mengi. Nitrojeni, kirutubisho cha majani kilichomo kwenye samadi, ikizidi, mmea unanenepa, unapendeza kwa mbali, na hautoi kishada. Samadi mbichi ya mbuzi au ya kuku inaunguza mizizi. Iache ioze miezi mitatu au zaidi, hadi isinuke na isipate moto ukiichimba. Majivu ya kuni ni kiganja kimoja kwa chungu, mara moja kwa msimu, na kama maji yako ni ya chumvi, achana nayo.

"Inafukuza mbu"

Hili linanikera kwa sababu lina hatari. Kuna pelagoniamu yenye harufu ya limau inayouzwa kama mmea wa kufukuza mbu. Harufu inatoka jani likisuguliwa. Mmea uliotulia kwenye kona ya chumba hautoi ya kutosha. Uliwahi kupimwa, na mbu wakaonekana wakitua hata kwenye majani yake yenyewe. Mzazi anayeweka chungu dirishani kisha akamlaza mtoto bila chandarua amedanganywa. Mimi mmea huo nauuza kwa harufu yake tu, na kila anayeununua namwambia hivyo kabla hajalipa.

"Ukiikata utaiua"

Hofu hii ndiyo inayofanya mitaa yetu ijae jeraniamu zenye miguu mirefu na kichwa kidogo cha majani. Kata. Mvua zikiisha, mwezi wa nne mwishoni au wa tano, punguza theluthi ya urefu, juu kidogo ya kifundo, pale jani linapochipukia. Vishada vilivyokauka vivunje na kikonyo chake chote kila unapopita. Mmea unaotunza mbegu hauhangaiki kutoa maua mapya.

Ulivyokata ni mtaji. Chukua kipande cha sentimita 8 hadi 10 chenye ncha nzima, kata chini ya kifundo kwa kisu kikali ulichokisafisha, ondoa majani ya chini na vichipukizi vya maua. Kiache kivulini saa kadhaa hadi kidonda kikauke. Wengi wanaruka hatua hii, wanachomeka kikiwa kibichi, wanafunika na mfuko wa plastiki kama wanavyofanya kwa vipando vingine. Kwa jeraniamu mfuko unaleta uozo. Mchanga wenye unyevu kidogo, kivuli chenye mwanga, basi. Wiki tatu hadi nne mizizi inakuwepo.

Ndivyo tulivyofanya na ile ya mama wa Kisasa. Nilikata juu ya ule weusi, nikatazama kidonda, bado kilikuwa na doa la kahawia katikati, nikakata tena juu zaidi hadi nikapata kijani safi. Tumepata vipando vitatu. Viko kitaluni kwangu, upande wa mashariki chini ya mwarobaini, na ndoo yake ameondoka nayo akaitoboe. Nimevimwagilia mara moja tu, siku ile ya kuvipanda.