Koloni la walowezi: kutoka Jamestown hadi uhuru wa Marekani

Nchi ikipata uhuru, picha inayotujia sisi wa Afrika Mashariki ni ya mwenyeji kurudishiwa chake: bendera ya mgeni inashuka, ya mwenyeji inapanda, gavana anafunga mizigo. Marekani mwaka 1776 mambo hayakwenda hivyo. Waliodai uhuru walikuwa wageni wenyewe, wengi wao Waingereza kwa asili na kwa lugha, na waliyemkataa alikuwa mfalme wa kwao. Wenye nchi wa asili hawakuulizwa na upande wowote. Habari ya mapinduzi yale haieleweki vizuri mpaka mtu ajue kwanza koloni la walowezi ni kitu gani.

Koloni la walowezi ni nchi iliyotwaliwa ambako watu wa dola iliyoitwaa huhamia kwa wingi na familia zao, wakikusudia kuishi na kuzikwa huko. Uganda haikuwa hivyo: maofisa wachache walitawala wenyeji wengi, na ofisa akistaafu alirudi kwao Uingereza. Mlowezi harudi. Anachokitaka kwa mwenyeji kwanza ni ardhi, na wajukuu zake wakishazaliwa hapo huanza kujiona wao ndio wenye nchi. Kwa hiyo koloni la namna hii lina ugomvi wa aina mbili tangu siku ya kwanza. Mlowezi anagombana na mwenyeji juu ya ardhi, na anagombana na serikali ya kwao juu ya nani aamue mambo.

Makoloni ya Kiingereza ya Amerika Kaskazini hayakuanzishwa na jeshi la mfalme. Yalianza kama biashara. Mwaka 1606 Mfalme James I aliipa hati ya kuanzisha koloni kampuni ya wanahisa iliyoitwa Virginia Company, na Mei 1607 watu wake wapatao 104, wanaume na wavulana pekee, walijenga ngome Jamestown. Walikuja na ndoto ya dhahabu, na dhahabu haikuwapo. Katika majira ya baridi ya 1609 hadi 1610 njaa iliwamaliza: kati ya mamia waliokuwa pale walibaki kama 60. Kilichoiokoa Virginia, kama koloni hilo lilivyoitwa, ni tumbaku, ambayo John Rolfe alianza kuilima muda mfupi baadaye.

Tumbaku huchosha udongo upesi na hudai mikono mingi. Hapo pana maelezo ya mambo mengi yaliyofuata. Mlimaji alihitaji shamba jipya kila baada ya miaka michache, na shamba hilo lilikuwa la Wapowhatan, wenyeji wa nchi ile. Mwaka 1622 kiongozi wao Opechancanough aliwashambulia walowezi akaua 347, na kuanzia hapo vita havikwisha kwa miaka mingi. Mikono ya kazi ilitoka kwanza kwa Waingereza maskini waliolipiwa nauli kwa mkataba wa kutumikia miaka kadhaa, kisha, kwa wingi unaozidi, kwa Waafrika. Julai 1619 wajumbe waliochaguliwa na walowezi walikutana Jamestown, wakawa baraza la kwanza la kutunga sheria katika makoloni hayo. Mwishoni mwa Agosti mwaka huohuo merikebu ilishusha karibu na hapo mateka ishirini na kitu kutoka Angola. Baraza la wawakilishi na biashara ya watu viliingia Virginia wiki chache zikipishana.

Makoloni mengine yalikuwa na asili tofauti. Plymouth, mwaka 1620, ilianzishwa na Waprotestanti waliokuwa wamejitenga na Kanisa la Uingereza. Pennsylvania ilitokana na deni: Mfalme Charles II alikuwa anadaiwa na familia ya William Penn, akalipa kwa ardhi mwaka 1681. La mwisho, Georgia, lilianza 1733, na hesabu ikatimia 13.

Jambo la kushika hapa ni kwamba kila koloni lilikuwa na baraza lake, likichaguliwa na wanaume wenye mali. Baraza ndilo lililotoza kodi, na katika makoloni mengi ndilo lililotoa mshahara wa gavana, ambaye kwa sababu hiyo alijifunza upole haraka. London ilikuwa mbali, wiki nyingi za bahari, na kwa zaidi ya karne moja haikujisumbua sana. Walowezi walizoea kujitawala huku wakijiita raia watiifu wa mfalme.

Mazoea hayo yaligonga mwamba mwaka 1763. Uingereza ilikuwa imeishinda Ufaransa katika Vita vya Miaka Saba, lakini ilibaki na deni kubwa na ardhi pana ya kulinda. Mfalme George III akatoa amri inayokataza walowezi kuvuka milima ya Appalachia, ili kupunguza vita na wenyeji. Vitabu vya shule hupenda kuzungumzia chai na kuiacha amri hii pembeni, na nadhani hilo ni kosa. Kwa mlowezi, kufungiwa ardhi ya magharibi kulikuwa sawa na kunyang'anywa tunda la ushindi. George Washington mwenyewe alikuwa mtafutaji mkubwa wa ardhi hizo.

Kisha zikaja kodi. Sheria ya Stempu ya 1765 ilitoza nyaraka za mahakama, magazeti, hata karata. Viwango havikuwa vya kuua mtu. Kilichowaudhi walowezi ni kwamba Bunge la London lililotoza halikuwa na mjumbe wao hata mmoja, na madai yao yakawa kwamba hakuna kodi bila uwakilishi. Sheria hiyo ilifutwa mwaka uliofuata, lakini siku hiyohiyo Bunge likatangaza kwamba lina haki ya kuwatungia sheria yoyote. Sheria ya Chai ya 1773 kwa kweli ilishusha bei ya chai. Bado, Desemba mwaka huo watu wa Boston walimwaga baharini masanduku 342, kwa sababu kuinywa ilikuwa kukubali kodi iliyokuwa ndani yake. London ikaifunga bandari ya Boston. Aprili 1775 risasi zililia Lexington kati ya walowezi na askari wa mfalme, na tarehe 4 Julai 1776 wajumbe wa makoloni walipitisha Tamko la Uhuru huko Philadelphia.

Bila fedha, askari na manowari za Ufaransa, ushindi wa walowezi dhidi ya jeshi la Uingereza huko Yorktown mwaka 1781 usingepatikana. Mkataba wa Paris wa 1783 uliitambua nchi mpya na kuipa ardhi yote hadi mto Mississippi. Mataifa ya wenyeji yaliyokuwa yakiishi kwenye ardhi hiyo hayakutajwa ndani yake.

Waafrika waliokuwa watumwa, karibu mtu mmoja katika kila watano kwenye makoloni yale, waliitazama vita kwa jicho lao. Novemba 1775 gavana wa Virginia, Lord Dunmore, aliwaahidi uhuru watumwa wa waasi watakaopigana upande wa mfalme, na maelfu walitoroka. Mwishoni mwa vita kama 3,000 walipelekwa Nova Scotia, katika Kanada ya leo, na mwaka 1792 karibu 1,200 kati yao walivuka bahari tena wakaanzisha Freetown, Sierra Leone.

Uingereza ilijifunza. Kanada, Australia na New Zealand ziliachiwa madaraka kidogo kidogo: Kanada iliungana chini ya serikali yake mwaka 1867, Australia 1901, na sheria ya Westminster ya 1931 ikakubali kwamba Bunge la London haliwatungii tena sheria bila ridhaa yao. Nchi hizo hazina siku moja ya kusema uhuru ulipatikana leo.

Walowezi wa Kenya walitaka njia hiyohiyo. Mwaka 1923 walipanga hata kumteka gavana, lakini London ikatamka kwamba maslahi ya Waafrika ndiyo yatangulie, tamko ambalo halikuwarudishia Wakikuyu wala Wamasai ardhi yao. Walowezi hao hawakufikia hata asilimia 1 ya watu wa Kenya, na kwa idadi hiyo Virginia haikuweza kurudiwa. Rhodesia ya Kusini, ambako walowezi walikuwa kama mmoja kwa kila watu 20, walijaribu. Tarehe 11 Novemba 1965 waziri mkuu wao, Ian Smith, alitia sahihi tangazo la uhuru lililoiga maneno ya 1776, ila mahali pasemapo kwamba watu wote wameumbwa sawa palirukwa. Hakuna nchi iliyowatambua rasmi, na baada ya miaka ya vita vya msituni uhuru ulipatikana Aprili 1980, kwa jina la Zimbabwe.