Tabakelo za dhahabu za wafalme hazikuwa za kunusia ugoro tu

Watu wengi wakiona picha za zile tabakelo (vikopo vya ugoro) za dhahabu zenye almasi za karne ya 18, wanaamini mfalme alikuwa anamchagulia rafiki yake kitu cha kuwekea ugoro, na huyo rafiki anakitunza hadi kaburini. Hapana jamani, mara nyingi haikuwa hivyo.

Kiukweli zilikuwa kama bahasha yenye hela ndani. Kumpa balozi fedha mkononi ilionekana aibu, basi Ufaransa wanampa tabakelo yenye picha ya mfalme iliyozungushiwa almasi, na thamani yake inapangwa kulingana na cheo cha mtu, yaani kila mtu anajua amepimwa kwa kiasi gani. Kuna waliokuwa hata hawanusi ugoro, wanairudisha kwa sonara wanachukua chao, na yeye anaiuza tena serikalini apewe balozi mwingine! Urusi nako ilikuwa hivyohivyo, ofisi ya mfalme yenyewe ilikuwa inapokea kilichorudishwa na kutoa pesa, hadi enzi za Fabergé, sonara maarufu wa wafalme wa Urusi.

Uingereza, George IV alipotawazwa 1821, tabakelo za mabalozi peke yake zilikula zaidi ya pauni 8,000, kwa masonara Rundell, Bridge & Rundell.

Wa kunusa kweli walikuwepo lakini, Frederick wa pili, mfalme wa Prussia (ufalme wa zamani wa Wajerumani), alikuwa mlevi wa ugoro haswa, na tabakelo zake ni kubwa kuliko za kawaida.