Sensa ya oksijeni inayokufa kila mara kwenye gari la tabo: yanayosemwa gereji na ukweli wake

Mwenye Subaru ya tabo (feni inayozungushwa na moshi ili kuisukumia injini hewa) iliyobadilishwa ekzosi na kuongezwa busti (presha ya hewa hiyo) anaujua mzunguko huu. Taa ya injini inawaka, mashine ya kupimia inasoma kodi (namba ya hitilafu) P0135 au P0133, sensa mpya ya oksijeni, ile inayopima oksijeni kwenye moshi, inanunuliwa, taa inazima. Haupiti muda, taa imerudi. Sensa moja inaweza kufa kwa uzee tu. Lakini ya pili na ya tatu zikifuatana upesi, kuna kitu kinaziua, na mara nyingi kitu hicho kinaitafuna injini pia. Wahenga walisema mjumbe hauawi. Huku kwenye ekzosi tunamuua, tunamtupa, kisha tunamleta mwingine bila kuusoma ujumbe aliokuja nao.

"Mashine imesema sensa, basi sensa ndiyo mbovu"

Mashine husema saketi au matokeo yake, haihukumu kifaa. P0135 maana yake saketi ya hita ya sensa ya mbele haiko sawa. Inaweza kuwa hita yenyewe, lakini pia inaweza kuwa fyuzi, plagi iliyoingia maji, au waya uliolegea ukagusa bomba la moto ukayeyuka. Kwenye gari lililofungwa ekzosi kubwa, sababu hiyo ya mwisho ni ya kawaida mno: bomba jipya halipiti njia ya lile la kiwandani, na vibanio vya waya havikurudishwa. Kabla ya kununua chochote, pima kama umeme unafika kwenye plagi, kisha pima ukinzani wa hita na uulinganishe na kitabu cha gari.

P0171 nayo inasema hewa imezidi mafuta. Hapo sensa inaweza kuwa inasema kweli tupu, na anayesema kweli ndiye anayefukuzwa.

"Ekzosi ikivuja kidogo ni kelele tu"

Hapa ndipo ningemwomba kila mwenye gari la tabo asimame kidogo. Sensa ya kawaida ya zirkonia hutoa takribani volti 0.1 hewa ikizidi na volti 0.9 mafuta yakizidi. Huvuka volti 0.45 uwiano unapofika sehemu 14.7 za hewa kwa sehemu 1 ya petroli kwa uzito. Haioni petroli, inaona oksijeni iliyobaki kwenye moshi.

Sasa, moshi hautoki kwa mkondo mmoja. Unatoka kwa mapigo, na kati ya pigo na pigo, hasa injini ikiwa sailensa (inanguruma bila kukanyagwa mafuta), ufa mdogo kabla ya sensa unaweza kuvuta hewa ya nje. Sensa inaona oksijeni na kutoa taarifa. Kontroboksi (kompyuta ya injini) inaiamini, inaongeza petroli. Injini inakula mafuta mengi, moshi unakuwa mweusi, masizi yanaifunika sensa, nayo inakuwa nzito kujibu. Ndiyo P0133 hiyo. Fundi anabadilisha sensa, ufa unabaki palepale, na mpya inaanza kufunikwa siku hiyohiyo.

Kwenye Subaru angalia maungio ya bomba linalopanda kwenda kwenye tabo na gasketi zake. Sikiliza injini ikiwa ya baridi, kabla chuma hakijatanuka na kuziba ufa. Tafuta michirizi myeusi kwenye maungio. Njia ya uhakika zaidi: injini ikiwa imezimwa na imepoa, puliza hewa kwa nguvu ndogo kuingia nyuma ya ekzosi, halafu nyunyizia maji ya sabuni kwenye kila maungio na kila mshono wa kuchomelea. Mapovu hayana upendeleo.

"Sensa ikifa, itupe"

Usiitupe. Ishike kwenye mwanga uitazame ncha yake. Masizi makavu meusi yanaonyesha petroli nyingi. Utando wa kahawia wenye mafuta unaelekeza kwenye oili. Unga mweupe unaelekeza kwenye silikoni au kulanti (maji ya kupozea injini). Rangi ya chungwa au wekundu wa kutu hutokana na viongeza okteni (uwezo wa petroli kutojilipukia kabla ya wakati) vyenye manganizi au chuma. Kijivu kinachong'aa ni dalili ya madini ya risasi.

Rangi peke yake haitoshi kuhukumu, lakini inakuambia uanzie wapi. Ukishuku oili, tazama moshi wa bluu unapoachia mafuta au baada ya kukaa sailensa muda mrefu, na fuatilia stiki ya oili. Watu wengi hukimbilia kubadilisha tabo. Tabo mpya itavujisha vilevile kama bomba linalorudisha oili kwenye injini limebanwa, limeziba au limefungwa bila mteremko, au kama ringi za pistoni zimechoka na presha ndani ya injini imepanda. Oili inarudi kwa uzito wake tu. Haina kitu cha kuisukuma.

Ukishuku kulanti, pima presha ya mfumo wa kupoza injini. Injini za Subaru aina ya EJ25 zinajulikana kwa gasketi za silinda hedi kuvujisha, na kuongeza busti hakuzisaidii.

"Gasketi ya maji ni gasketi ya maji"

Hapana. Gasketi ya maji ni ile ya kupaka, na silikoni nyingi za bei rahisi hutoa mvuke zinapokauka, mvuke huo unapitia injini, unaungua, na kuacha unga wa silika juu ya sensa. Unga huo hautoki. Nunua ile iliyoandikwa kwamba ni salama kwa sensa za oksijeni, na uiache ikauke kwa muda ulioandikwa kabla ya kuwasha gari.

"Petroli haina risasi siku hizi, kwa hiyo mafuta hayahusiki"

Ni kweli nchi za Afrika kusini mwa Sahara ziliacha petroli ya risasi mwaka 2006. Lakini petroli ya ndege aina ya 100LL bado ina risasi, na anayeichanganya kwenye tangi ili kupata okteni anaua sensa na masega (kichujio cha kusafisha moshi ndani ya ekzosi) kwa pamoja. Yale mafuta ya mbio yanayouzwa kwa madebe nayo yasome lebo kwanza.

Kuna pia petroli iliyochanganywa mafuta ya taa. Tatizo ni kubwa kiasi kwamba Tanzania ilianza kuweka vinasaba (alama ya kutambua mafuta halali) kwenye mafuta mwaka 2010, na Kenya ikaweka ushuru wa shilingi 18 kwa lita ya mafuta ya taa mwaka 2018. Mafuta ya taa hushusha okteni na kuongeza masizi. Kwa injini yenye busti ya ziada, kushuka kwa okteni ni hatari kwa pistoni kabla hata hatujaifikia sensa.

"Ile pshhh na ile milipuko ya nyuma ni muziki tu"

Gari linalopima hewa kwa sensa iliyo mbele ya tabo limeshaihesabu hewa ile. Ukifunga vali inayoimwaga nje, hewa inapotea lakini petroli yake inaingia. Kila unapobadilisha gia, mchanganyiko unakuwa mzito kwa muda mfupi. Vali ya kiwandani huirudisha hewa ndani kwa sababu hiyo. Milipuko ni mibaya zaidi: ni petroli inayowakia ndani ya ekzosi, kwenye mlango wa sensa. Antilagi, mfumo unaoichochea milipuko hiyo makusudi ili tabo isipunguze mzunguko, inaichosha tabo na seramiki ya sensa kwa pamoja.

"Waidibandi unaweza kuifunga popote kwenye bomba"

Sensa ya Bosch LSU 4.9, ambayo geji nyingi za waidibandi (zinazoonyesha uwiano wenyewe wa hewa na petroli) huitumia, imewekewa kikomo cha moshi wa nyuzi joto 930 kwa matumizi ya kudumu. Kabla ya tabo moshi wa gari linaloendeshwa kwa nguvu unaweza kukikaribia au kukipita, na presha ya pale inapotosha usomaji. Ifunge baada ya tabo, mbali kidogo, kabla ya masega.

Pembe nayo ina maana. Petroli inapoungua hutoa mvuke wa maji, na mvuke huo hugeuka matone bomba likiwa baridi. Tone likigusa seramiki iliyokwisha kupata moto, seramiki inapasuka. Ndiyo maana sensa inatakiwa iinuke angalau nyuzi 10 juu ya usawa, ili maji yasituame ndani yake. Anayeifunga chini ya bomba ameitengenezea kisima. Kwa sababu hiyohiyo, usiache swichi ikiwa imewashwa muda mrefu kabla ya kupiga stata, kwani geji nyingine huanza kuichoma hita mara moja.

Na kama geji imeharibika au umeichomoa, toa sensa uzibe tundu kwa boliti yake. Sensa isiyo na moto ndani ya moshi hujaa masizi na kufa.

"Waya ni waya, kata uunganishe"

Sensa za zirkonia za Bosch zenye waya nne kwa kawaida hutumia nyeupe mbili kwa hita, nyeusi kwa ishara na kijivu kwa ethi ya ishara. Za Denso hutumia nyeusi mbili kwa hita, bluu kwa ishara na nyeupe kwa ethi ya ishara. Ukiunganisha nyeusi kwa nyeusi kutoka kampuni moja kwenda nyingine, umepeleka umeme wa hita kwenye njia ya ishara, na hapo unahatarisha kontroboksi. Kwenye LSU 4.9, ndani ya plagi kuna kizuizi kidogo cha umeme kilichopimwa kiwandani kwa ajili ya sensa ileile. Ukikata plagi hiyo ukaweka nyingine, geji itaendelea kuonyesha namba, lakini si namba za kweli, na mtu atakuwa anatyuni gari kwa uongo.

"Tuizime kwenye kompyuta, taa isituumize kichwa"

Kuzima kodi kunazima taa. Ufa, oili, kulanti na petroli chafu vinaendelea na kazi yao. Kontroboksi nayo inabaki kukisia mafuta kwa jedwali bila kusahihishwa, na jedwali hilo liliandikwa gari likiwa katika hali nyingine. Kwenye busti injini hizi huhitaji mchanganyiko mzito kuliko 14.7, mara nyingi kati ya 11 na 12 kwa 1. Ukikosekana, mripuko unakuja kabla ya wakati na kuvunja kingo za pistoni zinazoshika ringi. Sensa ya kawaida ya kiwandani haiwezi kukutofautishia 11 na 12. Waidibandi iliyo nzima inaweza. Kwa hiyo fundi anayetaka kuzima kodi, mwombe kwanza akuonyeshe ncha ya sensa ya zamani, matokeo ya kupima uvujaji wa ekzosi, na usomaji wa waidibandi gari likiwa kwenye busti. Akikosa vitatu hivyo, usimwachie kompyuta.