Kwa nini vituo vya nyuklia hujengwa pwani, ilhali bahari yenyewe ni hatari?

Kwa sababu ya joto. Kinu cha nyuklia, pamoja na kutisha kwake kote, kazi yake ni kuchemsha maji: atomi za urani zinapasuka, joto linazaa mvuke, mvuke unazungusha mashine ya umeme. Ila takriban theluthi mbili ya joto hilo haigeuki umeme. Lazima itupwe mahali, na hakuna jalala la joto pana kuliko bahari. Kinu kikubwa cha pwani huvuta makumi ya mita za ujazo za maji kila sekunde. Maji hayo hayagusani na urani. Hupita katika mabomba yake, yakapoza mvuke, yakarudi baharini yakiwa vuguvugu. (Huvuta na wasioalikwa: Agosti 2025, kundi la yavuyavu liliziba vichujio vya kituo cha Gravelines, Ufaransa, vinu vinne vikasimama.)

Wengi hudhani usalama ni kuwahi kuzima. Kuzima ni rahisi. Kazi ni kupoza. Mabaki ya atomi zilizopasuka huendelea kutoa joto, na dakika ile ya kuzimwa hubaki kama asilimia 6 ya nguvu ya awali. Kwa kinu cha megawati 3,000 za joto, hizo ni megawati 180. Hupungua upesi mwanzoni, kisha hujikokota, hivyo pampu hazina ruhusa ya kulala. Nazo zinataka umeme.

Hapo ndipo Fukushima Daiichi, Japani, iliponaswa. Tarehe 11 Machi 2011, tetemeko la kipimo cha 9.0 lilipopiga, vinu vitatu vilivyokuwa kazini vilijizima sawasawa. Umeme wa gridi ukakatika, jenereta za dizeli zikashika zamu. Kabla saa moja haijaisha, tsunami ya mita 14 hivi ikaingia na kuzifurikisha jenereta hizo, nyingi zikiwa vyumba vya chini. Urani ya vinu vyote vitatu ikayeyuka.

Kituo cha Onagawa kilikuwa karibu zaidi na kitovu cha tetemeko hilohilo. Wajenzi wake walikiweka karibu mita 15 juu ya usawa wa bahari, na wimbi la mita 13 hivi halikupanda hadi uwanja wake. Waliobomolewa nyumba walikimbilia humohumo kujihifadhi.

Vinu vipya, kama vya Sanmen katika pwani ya China, huwekewa tangi la maji juu kabisa. Umeme ukikatika, maji hushuka yenyewe kwa uzito wake, na kinu huweza kukaa saa 72 bila pampu.