Echo si pingi, jamani

Hotelini Casuarina hapa Malindi, au nyumba ya wageni kule Shela, Lamu, nikigusa ruta tu nasikia: "Fundi, usizime echo, tutapimaje mtandao?" Atakayeniambia tena nitamtoza mara mbili.

Pingi, yaani kuuliza kifaa kama kipo hewani, hutumia ICMP, itifaki ya ujumbe wa mtandao ambayo haina poti (namba ya mlango wa huduma) hata moja. Echo ninayoizima ni huduma ya poti 7, ya TCP na UDP (njia mbili za kupeleka data), iliyoelezwa katika RFC 862, waraka wa kanuni za intaneti wa Mei 1983. Wenzake ni discard poti 9 (hutupa inachopokea), daytime poti 13 (hutaja tarehe na saa) na chargen poti 19 (humwaga herufi). Zima zote nne halafu upingi ruta: itajibu kama kawaida. Hata traceroute, inayoonyesha njia ya pakiti, haiguswi. Kwa hiyo mnanililia kitu ambacho hamjawahi kukitumia.

Kuna anayekitumia, lakini. Echo hurudisha chochote ilichopelekewa, na chargen ya UDP ikipokea pakiti yoyote hujibu kwa herufi tele. Mhuni huipelekea chargen yako pakiti moja, kaghushi anwani ionekane imetoka poti 7 ya mashine nyingine. Chargen inajibu, echo inarudisha, chargen inajibu tena, na hazikomi mpaka pakiti ipotee njiani au mtu azime. CERT, kikosi cha Marekani cha usalama wa mtandao, ilitoa onyo juu ya mchezo huu Februari 1996! Siku hizi chargen hutumiwa zaidi kukuza mashambulizi: pakiti ndogo inaingia, jibu kubwa linamwendea mtu mwingine kabisa. Tahadhari ya US-CERT ya 2014 iliitajia ukuzaji wa mara 358.8.

Ndiyo maana "sisi wadogo, nani atatushambulia?" hainiingii akilini. Hakutaki wewe, anataka laini yako.

"Nimeweka nywila ndefu." Hongera. Echo haiulizi nywila.

"Ruta za sasa huja zimezimwa." Za Cisco, kuanzia IOS 12.0 (IOS ni programu endeshi ya ruta zake), ni kweli. Ila mnanunua mitumba, na usanidi wenyewe mnanakili kutoka ruta ya jirani. Katika IOS kuukuu huduma hizi huwa zimewashwa tangu mwanzo bila kutajwa popote kwenye usanidi, basi usiseme "sikuziona". Andika mwenyewe kwenye usanidi wa ruta:

no service tcp-small-servers
no service udp-small-servers

Na finger ya poti 79, inayotaja nani ameingia kwenye mashine, ife pamoja nazo.

Kisha pima kutoka nje kwa nmap, programu ya kukagua poti, kompyuta ikiwa kwenye data ya simu, si Wi-Fi ya hoteli, na upime anwani yako tu:

sudo nmap -sU -p 7,9,13,19 anwani-yako

Discard hata ikiwa hai haijibu kamwe, kwa hiyo poti 9 ikisema "open|filtered" (haijulikani kama iko wazi au imezuiwa) usinipigie simu usiku. 7 au 19 ikisema "open", nipigie.