Kipara na Upepo wa Dodoma

Mwezi wa saba hapa Dodoma asubuhi tunavaa makoti. Upepo unavuma, vumbi linatimka, jua lenyewe linaonekana la kistaarabu. Na ndiyo majira ninayoletewa vipara vilivyoungua, na kila mmoja ananiambia lilelile: "Dokta, mbona sikusikia joto?"

Hukulisikia kwa sababu halikuwa joto. Kinachounguza ngozi ni mionzi ya urujuanimno (UV), ile ya jua isiyoonekana kwa macho, na hiyo haina moto wala baridi. Upepo unakupoza tu huku mionzi ikiendelea na kazi yake. Tena mji wetu uko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na kila ukipanda mita 1,000 mionzi hiyo huongezeka kwa takriban asilimia 10. Halafu tuko nyuzi 6 tu kusini mwa ikweta: mwanzoni mwa Machi na mwanzoni mwa Oktoba, karibu saa sita na nusu mchana, jua linasimama wima juu ya utosi. Machi walau huwa kuna mawingu ya mvua. Oktoba hakuna. Uso una kivuli cha nyusi. Utosi hauna mtetezi, nywele ndizo zilikuwa mwavuli wake.

"Lakini sisi weusi hatuungui." Tunaungua. Melanini, yaani rangi ya asili ya ngozi, inatukinga kweli, ila kinga yake, ilipopimwa maabara, ilikaribia losheni ya SPF 13 (SPF ni kipimo cha kinga dhidi ya jua), na hiyo haitoshi kumkinga mtu anayeshinda juani akivuna zabibu. Tatizo ni kwamba ngozi nyeusi haionyeshi wekundu waziwazi. Dalili ni kichwa kuwaka ukijimwagia maji, ngozi kubana, kisha baada ya siku chache kubabuka magamba na kubaki madoa meusi. Mtu anasema ni mba, au anamlaumu kinyozi.

Kinyozi naye ana mchango wake, sikatai. Kipya kinyemi, ingawa kidonda: mtu akitoka kunyolewa anataka kipara king'ae, basi anapakwa mafuta ya mgando na kutoka nje saa saba mchana. Mafuta yale yanang'arisha tu, hayazuii jua. Kibaya zaidi ni wanaojipaka ndimu kukausha vipele vya wembe. Maji ya ndimu yakikutana na jua juu ya ngozi huleta malengelenge ya kuungua hasa. Ushauri wangu ni kunyoa jioni, ngozi ipate usiku mzima wa kutulia kabla ya kukutana na jua au losheni.

Kofia naitanguliza kuliko losheni, maana kofia haioshwi na jasho. Ya pama ndiyo bora, inafunika masikio na kisogo. Kapelo inaacha vyote viwili, na ukiigeuza nyuma mbele, kile kitundu cha kurekebishia kinakuchorea nusu mwezi kwenye paji. (Nimeuona. Mwenyewe alidhani ni fangasi.) Baraghashia ya vitundu iinue kwenye mwanga: ukiona mwanga unapenya, jua nalo linapenya.

Losheni iwe SPF 30 au zaidi, kijiko kizima cha chai kwa kichwa na shingo, robo saa kabla ya kutoka, na urudie kila baada ya saa mbili ukiwa nje. Anayetumia doksisaiklini, dawa ya kuua bakteria, au dawa ya presha iitwayo haidroklorothiazaidi, aongeze tahadhari, kwa kuwa dawa hizo huifanya ngozi iungue upesi.

Saratani ya ngozi kwa mtu mweusi ni nadra, sitaki kumtisha mtu. Kwa ndugu zetu wenye ualbino hali ni tofauti kabisa: kwao kutoka bila kofia hata kwenda dukani ni hatari, na ndiyo maana hospitali ya KCMC kule Moshi wanatengeneza losheni maalumu kwa ajili yao.

Ila yeyote mwenye kigaga kinachobanduka na kurudi palepale, au kidonda cha utosini kilichopitisha mwezi bila kupona, aje kipimwe, hata kama kinyozi ameapa kwamba ni wembe.