Ukienda kwenye gwaride, kaa wapi?

Kila inapokaribia Desemba 9, sikukuu ya Uhuru, au Aprili 26, ya Muungano, simu yangu haitulii. Wazazi wa watoto ninaowafundisha halaiki, yale maumbo na maneno yanayochorwa uwanjani kwa watu, wanataka kujua wakae upande gani wa uwanja. Majirani nao huuliza, ingawa hawana mtoto anayecheza. Wao wanataka tu kuwaona wanajeshi. Huwa nawajibu kwa swali: unakwenda kuona nini hasa? Hakuna kiti kinachofaa kwa kila kitu, na anayekuambia "kaa katikati, juu" anakupa jibu la mpira wa miguu. Gwaride si mpira.

Mpira hauna mbele wala nyuma. Gwaride lina uso na kisogo. Sherehe nzima hupangwa kwa ajili ya jukwaa kuu: vikosi husimama vikiliangalia, Rais kama Amiri Jeshi Mkuu hupokea salamu yao, wimbo wa taifa hupigwa, mizinga 21 hulia, Rais hushuka kukagua gwaride, kisha vikosi hupita mbele yake kwa mwendo wa pole na baadaye kwa mwendo wa haraka. Sisi tuliokaa mzunguko ni wageni waalikwa wa shughuli inayomtazama mtu mwingine. Ukishalielewa hilo, nusu ya kazi ya kuchagua kiti umeimaliza.

Upande wa jukwaa kuu, basi, ndio wenye nyuso. Ila hata upande huo una tofauti zake. Katika desturi ya gwaride tuliyoirithi kwa Waingereza, vikosi kwa kawaida hupita jukwaa likiwa mkono wao wa kulia, na hugeuza shingo kulia kutoa heshima. Maana yake, kwa mtu aliyekaa upande huo akitazama uwanjani, wanatokea kushoto kwake kwenda kulia. Ukikaa kushoto mwa jukwaa kuu, watakupita upesi na utabaki kuangalia migongo inayokwenda kwa mkubwa. Ukikaa kulia mwake, wanakuja wakikuelekea, kifua mbele, mikono ikipanda na kushuka pamoja. Watu wengi hugombania viti vilivyo jirani kabisa na viongozi, ambavyo aghalabu vimeshatengwa kwa wenye kadi, na kuacha viti vya kulia ambavyo mimi ningevitaka.

Sasa kuna mahali ambapo hakuna anayepagombania, napo ni konani. Kikosi kikipita mbele ya jukwaa kimenyooka, kazi ngumu ilishafanyika kabla hakijafika hapo. Ugumu wa gwaride uko kwenye kukata kona. Mstari mzima unapozunguka, aliye ndani hupiga hatua fupi sana, karibu anakanyaga papo hapo, na aliye nje hurefusha hatua mpaka ukingoni mwa uwezo wake, huku bega likibaki usawa wa bega. Mguu haubadiliki mdundo, urefu wa hatua tu ndio unaobadilika. Mstari ukipinda pale, hautanyooka tena hadi jukwaani. Wapiga bendi na askari wastaafu ninaowafahamu wakipata nafasi ya kuchagua, hukaa kona, halafu hutabasamu peke yao kwa mambo ambayo sisi wengine hatuyaoni.

Kona ina kasoro yake, nayo ni sauti. Bendi ikiwa mbali nawe, utaapa kwamba askari wamekosea mguu. Hawajakosea. Sauti husafiri kama mita 340 kwa sekunde, kwa hiyo ngoma iliyopigwa mita 100 kutoka ulipokaa inakufikia baada ya karibu theluthi moja ya sekunde. Mwendo wa haraka ni hatua kama 120 kwa dakika, yaani hatua moja kila nusu sekunde. Jicho lako limeshaona mguu ukikanyaga na sikio bado linasubiri mdundo. Waliokaa karibu na bendi huona na kusikia kwa pamoja. Kwa mpenzi wa muziki hilo ni la kuzingatia kuliko nyuso: kaa upande wa bendi, hata ikiwa imekupa mgongo, maana tarumbeta na ngoma kubwa vinasikika kifuani.

Halaiki ni habari nyingine kabisa, na hapa naomba nikae kidogo kwa sababu ndiyo kazi yangu.

Halaiki huchorwa chini ili isomwe kutoka juu. Kila mtoto ana alama yake ya kusimama, tunaipiga kwa chokaa wakati wa mazoezi, na neno au umbo linalotokea huwa limeelekezwa jukwaa kuu. Ukikaa upande wa pili, utalisoma neno limepinduliwa miguu juu. Hilo wengi hulijua. Wasilolijua ni kwamba urefu wa kiti chako una nguvu kuliko ukaribu wako. Chukua herufi ya watoto yenye urefu wa mita 20 kutoka kichwani hadi miguuni, imelala uwanjani. Mtu aliyekaa mita 10 juu ya ardhi na mita 60 kutoka kwenye herufi hiyo anaiona imebanwa, kana kwamba ina urefu wa mita 3 na kitu. Aliye kiti cha chini kabisa haoni herufi, anaona umati wa watoto wenye fulana za rangi. Ndiyo sababu walimu tunazirefusha herufi makusudi, na ndiyo sababu watoto wakiwa mazoezini huona kama tunawapanga ovyo. Kwa hiyo mpenzi wa halaiki apande juu, upande wa jukwaa kuu. Mpenzi wa buti na visigino vya viatu akae chini.

Mzazi mwenye mtoto ndani ya halaiki ana shida tofauti: anataka kumwona mmoja kati ya mamia waliovaa sawa. Kupanda juu hakumsaidii, atakuwa doa. Muulize mwalimu mambo mawili kabla ya siku yenyewe: rangi ya mtoto katika kila umbo, na anaingilia lango gani. Kaa karibu na lango hilo, viti vya chini. Wakati wa kuingia na kutoka watoto hupita kwa mistari, polepole, wakihesabu, na hapo ndipo utamwona uso. Usimwite. Nasema hivi kwa upole wote nilio nao: mtoto anayehesabu hatua akisikia "Mama Neema yuko huku!" anapoteza namba, na wa nyuma yake naye anapoteza.

Visiwani mambo ni hayohayo kwa ladha yake. Januari 12, Sikukuu ya Mapinduzi, vikosi vya SMZ, yaani Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar, kama KMKM (wazuia magendo) na JKU (Jeshi la Kujenga Uchumi) hupita pamoja na wenzao wa JWTZ, jeshi la taifa, na Polisi, kwa hiyo mwenye kupenda sare ana mengi ya kutazama.

Paa. Kila mtu hulitaka paa, na jua la Dar es Salaam halina mchezo. Lakini paa linakuficha anga. Ndege za kivita zikipita, au makomando wakishuka kwa miavuli, walio chini ya paa husikia ngurumo tu na kuona wenzao wa upande wa pili wakinyoosha vidole. Ukitaka anga, lipa kwa jua. Sherehe nyingi ni za asubuhi, kwa hiyo anayekaa upande wa mashariki jua linakuwa mgongoni, na wa magharibi linamwingia machoni hadi asubuhi ipevuke. Ikikaribia saa sita linakuwa utosini na mgongo haukusaidii tena. Hata hivyo linaegemea: Desemba na Januari kusini kidogo, Aprili kaskazini kidogo. Ukichelewa na kukuta viti vimebaki pembeni mwa paa, chagua ukijua kivuli kitasogea kuja kwako au kukuacha.

Na mizinga: haitoi onyo. Mwenye mtoto mchanga akae mbali na upande inakopigwa, na ajiandae kumziba mtoto masikio pale Rais anapopanda kwenye jukwaa dogo la salamu.

Yote haya hayana maana ikiwa aliye mbele yako amesimama. Wasanifu wa viwanja wana kipimo chao. Mstari unaotoka kwenye jicho lako hadi kitu unachotazama unatakiwa upite juu ya jicho la aliye mbele yako kwa sentimita kadhaa. Sentimita 12, ambayo ni kama umbali wa kutoka jichoni hadi utosini, ni raha, 9 inatosha, 6 ni ya kuvumiliana. Hiyo ndiyo mali yote uliyopewa pale uwanjani: upana wa kiganja cha mkono. Kofia ya pama inaimaliza. Kilemba kirefu kinaimaliza. Simu iliyoinuliwa juu ya kichwa inaimaliza mara mbili, kwa sababu aliye nyuma anatazama gwaride kupitia kioo chako kidogo, na kama ni kompyuta kibao basi haoni kitu. Ukitaka kupiga picha, shika simu usawa wa kidevu chako. Picha haitakuwa mbaya zaidi, na kwa kweli za kidevuni hazitikisiki sana.

Kusimama ndiko kunakoniudhi zaidi, kwa sababu hakumfaidishi mtu. Mmoja wa safu ya tatu akiinuka, wa nne hana budi, wa tano vilevile, mpaka juu kabisa ambako kuna mzee mwenye magoti mabovu. Dakika mbili baadaye kila mmoja anaona kilekile alichokuwa anakiona amekaa, isipokuwa mzee yule na watoto. Wimbo wa taifa tunasimama wote, hapo hakuna ubishi. Ukiisha, kaa. Kumbeba mtoto mabegani ni huruma kwa mtoto na adhabu kwa safu nne za nyuma. Mweke mapajani, au omba walio mbele wampishe akae miguuni pao kwenye ukingo. Sijaona mama wa Kitanzania akimkatalia mtoto wa mwenzake.

Mwavuli nao. Watu huogopa kusema, wananung'unika chini kwa chini saa tatu nzima, halafu mmoja hulipuka. Sema mapema, na uanze na salamu. "Shikamoo mzee. Samahani, mwavuli unatuziba sisi wa nyuma. Ungekubali tubadilishane, wewe uje hapa kwenye kivuli?" Mara nyingi atasema marahaba na kuukunja hata kabla hujamaliza. Ukianza na "We mzee, mwavuli!" umeshapoteza. Vijana nao waambie kwa utani kidogo, wanaelewa.

Kuhusu kushika nafasi kwa kanga: kanga moja kwa viti viwili vitatu vya watu walio njiani ni ubinadamu. Kanga nne zilizotandazwa safu nzima tangu alfajiri, kwa ajili ya watu watakaokuja saa tatu wameshiba chai, hiyo ni kupora. Ukikuta hivyo, uliza mara moja, na kama wenyewe hawajafika hadi viongozi wanaanza kuingia, kaa.

Usikae kwenye ngazi. Hapa siongelei adabu tena. Machi 21, 2021, katika Uwanja wa Uhuru, uleule tunaouita Shamba la Bibi, watu walipofurika kumuaga hayati Rais John Magufuli, watu 45 walipoteza maisha kwa msongamano, kwa idadi iliyotolewa na polisi. Hawakuwa wahuni wala wakorofi. Walikuwa watu waliotaka kuona. Mwongozo wa Waingereza wa usalama wa viwanja unaweka kikomo cha watu 47 katika mita za mraba 10 kwa sehemu za kusimama; umati ukizidi hapo sana, mtu hajiendeshi tena, anasukumwa na uzito wa wote, na aliye nyuma anayesukuma kidogo tu hajui kinachotokea mbele. Kwa hiyo langoni, mkiambiwa uwanja umejaa, amini. Ukijikuta umebanwa, weka mikono mbele ya kifua upate nafasi ya kupumua, usiiname kuokota kiatu, na jongea pembeni kwa mshazari kila msukumo unapolegea, usishindane nao.

Kutoka kuna haraka yake ya ajabu. Viongozi wakishaondoka kila mtu anakumbuka daladala. Subirini robo saa, ngoma za asili mara nyingi bado zinaendelea na viti vizuri vimeachwa wazi. Ni wakati mzuri wa kushuka chini kutazama kwa karibu. Wazazi wa halaiki, ninyi msishuke uwanjani kuwafuata watoto. Tunawatoa kwa shule, kila mwalimu na orodha yake, na hatumwachii mtoto mtu ambaye hayumo kwenye orodha hata akituonyesha picha yao wawili. Njoo lango uliloambiwa, na maji ya kunywa mkononi, maana tangu alfajiri mtoto huyo amekunywa kidogo sana kwa kuogopa kwenda chooni katikati ya shughuli.